Damu ya Kitanda cha Saba

Jumatatu, 8 Juni 1953

Leo nimecheka hadi nikashika ukuta. Vibaya, najua. Hospitali si mahali pa nesi kucheka namna ile.

Theonest wa maabara alikuja wodini kwangu amebeba lile sinia la viberiti, uso umemvimba kwa hasira. Hapa kwetu kila mgonjwa wa wodi ya wanaume, kila asubuhi ya Mungu, anatoa choo kwenye kiberiti, mkojo kwenye kichupa, na damu ya mkononi. Wote! Aliyepondwa kidole na aliyeumwa na nge, sawasawa. Sasa Theonest anasema viberiti vya leo vina minyoo ile ile, rangi ile ile, hata punje za mtama zile zile. Akauliza kama wodi nzima ina tumbo moja.

Nikawauliza wenyewe. Mwisho Mabula wa kitanda cha nane, yule wa kifua, akasema polepole kwamba wenzake asubuhi walijaribu wakashindwa, na yeye alikuwa nacho cha kutosha, sasa angewanyimaje? Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeona ajabu. Waligawana kama watu wanavyogawana chumvi.

Mimi hoi. Theonest hakucheka hata kidogo. Mhaya yule, amesomea kazi yake Dar es Salaam na hataki mtu asahau. Alisema siku moja watu hawa watamfanya atoe majibu ya ng'ombe.

Mengine ya leo: Jilala, kitanda cha saba, bado yupo. Jiwe lilimwangukia pajani huko mgodini, shimoni, mwezi wa nne. Kidonda kinafunga vizuri, ni mimi ninayekisafisha, nakijua. Lakini wanasema damu yake inapungua. Mkewe Limi yuko hapa tangu siku ya kwanza, analala banda la wauguzaji pamoja na wanawake wengine wanaopikia wagonjwa wao. Mjamzito, tumbo limeshuka, lazima ni mwezi wa mwisho. Maneno yake machache. Shikamoo, mwangaluka ya asubuhi, wabeja ya kushukuru – basi, ameshapita na sufuria yake.

Miguu inaniuma. Nalala.

Jumatano, 10 Juni

Kuna kitu sikielewi kuhusu Jilala.

Mtu ananenepa! Mashavu yamejaa. Anamaliza ugali na kutazama sahani ya Mabula. Nimemvuta jicho kwa chini – jekundu, zuri. Ulimi mwekundu. Halafu Daktari Pereira anapita na karatasi ya Theonest mkononi, anasoma kwamba damu imeshuka tena. Tena na tena! Na si hivyo tu. Ile damu ikisimamishwa kwenye mrija inazama upesi mno, na Theonest anasema damu inayozama hivyo ni ya mtu mwenye jambo kubwa ndani ya mwili.

Daktari akaanza kumbonyeza tumbo. Akauliza, unaumwa hapa? Hapana bwana. Na hapa? Hapo njaa tu bwana. Wodi ikacheka.

Daktari hakucheka. Ni mtu mwema, sitamsingizia. Mgoa mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi Msumbwa, na tangu afike mwezi wa kwanza sijamsikia akimfokea mtu. Shida yake ni woga. Anaogopa kitu kitampita bila kukiona. Na kila akiogopa, anaagiza kipimo. Leo ameogopa sana: Jilala atolewe damu asubuhi na jioni, si mara moja tena.

Nikasema, Daktari, mbona anaonekana mzima? Akajibu kwa upole kwamba macho hudanganya, damu haidanganyi.

Kazi ya kutoa damu ni ya Mzee Mageni, dresa wetu, msaidizi wa matibabu wa siku nyingi. Anaanza na taa yake saa kumi na moja alfajiri, kabla sisi manesi hatujaingia, saa ambayo wake na mama zao wako ndani kuwanawisha wagonjwa. Mikono yake myepesi sana. Mimi nilipokuja hapa kutoka Ushirombo, msichana wa masista, natetemeka na sindano, ndiye aliyenishika kidole na kuniwekea juu ya mshipa. Akaniambia, usiutafute kwa jicho, uusikilize. Sitasahau.

Limi nilimkuta amekaa chini karibu na bomba, ndoo imejaa, yeye haamki. Nikamwuliza, mayu, mama, vipi? Akasema jua. Jua gani la asubuhi ile? Nikambebea ndoo. Akanishukuru kama nimembebea nyumba.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeshtuka. Naandika ili niamini.

Nilikwenda maabara kuchukua karatasi za Daktari. Mlango wazi, Theonest hayumo. Nikamsikia nyuma. Nikazunguka – nikamkuta amechuchumaa juu ya lile shimo la takataka, anafungua vichupa kimoja kimoja na kumwaga. Damu ya asubuhi! Damu ya wodi yangu! Inaingia shimoni, nzi wanaifuata.

Nikamwuliza umeshaisoma? Akasema hii? Hapana.

Hakuona hata haya. Alinieleza huku anaendelea kumwaga. Darubini moja, macho yake mawili, vichupa vinamfikia karai zima kila asubuhi. Anasoma vile ambavyo Daktari anamwulizia. Kitanda cha saba, anasoma kila siku. Wagonjwa wapya, anasoma. Waliobaki – akaonyesha shimo kwa kidevu. Nikamwuliza kwa nini basi usimwambie Daktari asiagize? Akasema kazi yake ni kupokea, hajaambiwa kukataa. Halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba mwanzoni alijaribu kusoma zote. Aliumwa macho mwezi mzima.

Watu wanachomwa mikono wanakaza meno. Wanadhani kuna mtu anaitazama damu yao.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya misa nilimfuata Mzee Mageni nyumbani kwake. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu kiti. Mkewe akaleta michembe ya viazi. Nikamwuliza – Mzee, nani aliyeamuru damu kila asubuhi kwa kila mtu?

Akanishangaa. Daktari, nani mwingine?

Lakini mimi jana nilijipa moyo nikamwuliza Daktari. Na Daktari akaniambia, mimi nilikuta hivyo. Nikadhani ni desturi ya hapa na ninyi mnaijua sababu yake.

Nilipomwambia hayo Mzee Mageni akaacha kutafuna. Akafikiri. Ndipo akakumbuka: ni yule daktari Mwingereza, si huyu aliyeondoka juzi, ni yule wa kabla yake. Mwaka ule wa papasi, wale kupe wa nyumbani. Kambi nzima ya mgodi ilishikwa na homa ya papasi, watu wanalala wazima wanaamka wanaungua, ikabidi kila mtu apimwe damu kila asubuhi mpaka homa iishe. Iliisha. Nyumba zikapakwa dawa, nyingine zikachomwa moto. Yule daktari akarudi kwao. Hakuna aliyesema acheni.

Nikasema, kwa hiyo Mzee, tunawatoa watu damu kwa ajili ya papasi waliokufa zamani?

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Niliona kucha zangu zimeingia kiganjani.

Nilitaka kumwambia na habari ya shimo la Theonest. Nikashindwa. Mzee huyu anaamka usiku wa manane miaka yote hii kwa ajili ya vile vichupa.

Jumatatu, 15 Juni

Jilala atapasuliwa tumbo. Alhamisi.

Daktari anasema mtu anavuja damu ndani mahali pasipoonekana, na akingoja zaidi atamzika. Damu ya jana jioni ilikuwa mbaya kuliko zote. Jilala alikubali kwa heshima. Aliuliza tu kama ataweza kula kabla.

Limi alisikia akiwa mlangoni na bakuli la uji. Bakuli halikumwanguka. Alilitua chini taratibu, akashika ukuta, akabaki hivyo. Nilimpa kiti akakataa.

Jumanne, 16 Juni

Ee Mungu wangu!

Sijui nianze wapi.

Mchana nilikwenda banda la wauguzaji kumtafuta Limi, anywe maziwa, maana tangu jana sura yake hainipi usingizi. Nilimkuta anamwosha bibi kizee wa mwenzake, khanga ameifunga kifuani, mikono wazi mpaka mabegani. Mimi huwa namwona amejitanda siku zote. Leo nimeiona mikono yake.

Mishipa ya kiwiko, kulia na kushoto, yote imevimba. Nyeusi, kijani, manjano. Alama juu ya alama. Nazijua alama zile! Mkono huo ni wa mgonjwa aliyelazwa mwezi na zaidi. Na huyu mwanamke hajawahi kulazwa hapa hata siku moja.

Nikamwuliza nani kakufanya hivi. Akavuta khanga. Nikamshika – kwa nguvu, nasikitika – nikamwuliza tena. Akasema Mzee.

Polepole akanieleza, nusu Kisukuma nusu Kiswahili, kama mtu anayemweleza mtoto. Hospitali inataka damu ya kitanda cha saba kila siku, mpaka kwenye mstari wa chupa. Mume wake aliletwa hapa amemwaga damu njia nzima kutoka shimoni. Ana nini cha kutoa? Yeye anatembea, anakula, ana mikono miwili. Kwao mtu akitozwa ng'ombe na mwanangwa, mkuu wa kijiji, ndugu ndio wanaotoa. Hawamwachi alipe peke yake na wao wapo. Kwa hiyo alimwomba Mzee, na Mzee akakubali. Alfajiri anakaa kando ya kitanda, anaingiza mkono chini ya chandarua, imekwisha.

Tangu lini? Tangu wiki ya kwanza.

Na hii ya jioni iliyoongezwa? Na hiyo, ninyi mkishaondoka.

Kisha akasema jambo lililonikalisha chini. Mabula naye hana mtu hapa. Ni wa kwao, ukoo wa mama yake. Kwa hiyo anatoa na ya kitanda cha nane.

Kitanda cha nane! Ile Theonest haisomi! Ile inakwenda shimoni na nzi!

Nimemwangalia ndani ya jicho. Jeupe kama nyama ya samaki aliyelala majini. Hakuna damu pale. Na mtoto anapiga teke humo, nimemhisi kwa mkono wangu.

Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja, nikahisi kama mtu amenipiga kisogoni. Damu inayoshuka ni ya Limi. Kadiri inavyoshuka Daktari anaogopa, kadiri anavyoogopa anaagiza nyingine, na inayotoka ni ya Limi tena. Na hilo jambo kubwa ndani ya mwili analolitafuta Daktari, linaloizamisha damu kwenye mrija – ni mtoto. Keshokutwa wanataka kumpasua mwanamume kwa ajili ya mimba ya mkewe!

Nilikwenda wodini moja kwa moja. Nikasimama katikati nikauliza nani alijua. Jilala akatazama shuka lake. Mabula akafunika uso, akasema alimkataza, mama yule akamwambia nyamaza upone. Wale wengine – wote. Wodi nzima ilijua. Hawakuficha, wanasema, hakuna aliyewauliza. Asiyejua ni sisi tu tuliovaa nguo nyeupe.

Daktari amekwenda mgodi wa pili, anarudi kesho. Mzee Mageni sijamwona. Sitaki kumwona.

Jumatano, 17 Juni

Nimemwona. Alikuwa anachemsha sindano za jioni. Nikamwambia ninajua. Hakuruka, hakukana.

Alisema, mwanangu, mgonjwa aliletwa hapa hana kitu, ningemchoma nini? Mke akaomba. Damu ya nyumba moja ni moja. Nilimwonea huruma yule mwanamume.

Nikasema, na mwanamke? Na mtoto aliye tumboni?

Alikaa kwenye benchi, mzee mzima, mikono ile ile iliyonifundisha imelala mapajani. Akaniambia kwamba kila siku alikuwa akimtoa kidogo tu. Kila siku kidogo tu. Hakuwahi kukusanya siku zote pamoja kichwani. Na alidhani – hili lilinimaliza – alidhani wakubwa wanachotaka ni chupa ijae, basi. Mwaka wa papasi ndivyo walivyokuwa, wanahesabu chupa, hakuna aliyerudi kuwaambia kilichoonekana ndani.

Nilikuwa nimekuja kumrarua. Nikamshika bega.

Daktari amerudi saa tisa. Nimemwambia yote tumesimama ofisini kwake, mlango nimeufunga. Kwanza alisema haiwezekani. Akasema tena haiwezekani. Kisha akakaa. Kisha akasema – nayaandika kama alivyoyasema – mleteni huyo mwanamke atolewe damu, tujue.

Nilidhani masikio yangu yameharibika. Nikasema Daktari, hana damu. Akasema nitajuaje bila kupima? Nikatoka, nikamleta Limi kwa mkono, nikamkalisha dirishani, nikamvuta jicho. Nikasema, tazama.

Akatazama. Akamvuta la pili mwenyewe. Akamgeuza kiganja. Akamfunua mikono, akaona ile mishipa, na hapo akavua miwani na kuishika tu, haifuti wala haivai.

Lakini alipima! Tone moja la kidole, nilisimama hapo hapo nisikubali zaidi. Na tone moja la Jilala. Theonest alirudi mbio na karatasi, mara ya kwanza namwona anakimbia. Jilala mzima kama ng'ombe dume. Limi – Theonest hakusema namba mbele yake. Alimpa Daktari asome.

Hakuna kupasua kesho. Deo gratias, Mungu ashukuriwe. Limi amelazwa chumba kidogo cha mwisho. Anaona aibu kulala kitandani mchana watu wakimtazama. Ameuliza mara tatu nani atampikia Jilala.

Alhamisi, 18 Juni

Nilidhani mshtuko umekwisha. Mjinga mimi.

Mzee Mageni amesimamishwa kazi mpaka wenye mgodi waamue. Alikabidhi funguo za kabati, akanipa mimi mbele ya wote. Kigari chake cha kutolea damu sasa ni changu. Hakuniangalia usoni, alisema tu zile sindano ndefu zinataka kunolewa.

Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamwomba Daktari – kwa adabu zote, nimejitayarisha usiku – afute ile amri ya kila asubuhi. Nikamweleza papasi. Nikamweleza shimo la Theonest. Theonest mwenyewe akasimama akasema ni kweli, bwana, namwaga. Sikumtegemea.

Daktari alisikiliza yote. Akasema, Scolastika, baada ya mambo haya, unataka nipime kidogo? Watu wamenidanganya mwezi mzima chini ya pua yangu. Nikiacha kupima nitaona kwa kitu gani?

Kwa hiyo si kupunguza. Ameongeza! Kila mgonjwa afungwe kitambaa cha namba mkononi, damu itolewe nesi akishuhudia, asubuhi na jioni, wodi zote mbili. Na Limi, kwa kuwa ni mgonjwa mahututi, vichupa vinne asubuhi, vinne jioni. Kamili. Asipitwe na kitu.

Nikasema, vinne? Akasema, kamili.

Limi, Daktari! Yule yule!

Akasema nitoke. Kwa upole. Mtu huyu atamwua mwanamke kwa upole.

Jioni nilikwenda kwa Limi na sinia. Alishaweka mkono nje ya shuka, ameugeuza kiganja juu, ananingoja. Hakuuliza. Akaniambia, upande huu umechoka, jaribu huu. Nikarudi na sinia. Nikamwambia Daktari mshipa umekataa. Ni uongo wangu wa kwanza katika kazi hii, na sijutii.

Ijumaa, 19 Juni

Mshipa umekataa tena. Asubuhi na jioni. Daktari amesema kesho atakuja kuutafuta mwenyewe.

Wodini nimewatoa damu wote, nashuhudiwa, vitambaa vya namba mkononi. Kijana mmoja mwenye jipu aliuliza itakwenda wapi. Nikamfuta mkono, nikaenda kitanda kilichofuata.

Jilala ameanza kutembea na fimbo. Amekuja mpaka dirisha la chumba cha Limi, kwa nje, maana wanaume hawaruhusiwi ndani. Walikuwa wananong'ona Kisukuma muda mrefu. Akatoka pale akanifuata mimi, mwanamume mkubwa yule, amekunja mkono wa shati. Akasema, mama nesi, mwezi mzima alinitolea. Nirudishie kwake. Chukua kwangu umtie yeye, chukua yote.

Hakujua kwamba ni jambo linalowezekana. Alisema tu, kwa kuwa ndiyo haki.

Nikakimbia kwa Theonest. Akasema inawezekana, wameshafanya kwa Mzungu mmoja wa mashine. Lakini damu ya mtu na mtu hupatana au hukosana, zikikosana unaua. Lazima kuzilinganisha kwanza, na hicho – akainua kidole – hicho ni kipimo kweli, hicho hakiachwi. Nikauliza, kinataka vichupa vingapi? Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Matone ya kidole, dada. Yake na ya mume. Basi.

Tukamwendea Daktari pamoja. Akafurahi kwa kweli, macho yakang'aa. Akasema fanyeni. Vichupa vinne vya mama kwanza, ili ajue alipo, ndipo walinganishe, ndipo watie. Kwa utaratibu.

Theonest akasema, bwana, ukimtoa hivyo vinne...

Daktari akasema kwa utaratibu.

Jumamosi, 20 Juni

Limi ameshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Naandikia kwenye baraza ya maabara, kwenye ngazi. Sina mahali pengine na siwezi kukaa bure. Mama mkunga yuko naye. Ameniambia mtoto amekaa vizuri na njia ni nzuri, ila akimwaga damu kama wanawake wengine wanavyomwaga, hakuna ya kumwaga. Alisema hivyo tu, akarudi ndani.

Daktari aliniita nikiwa naingia. Ana haraka, amevaa aproni ya mpira. Akanipa vichupa vinne, mkononi mwangu, akasema sasa hivi, Scolastika, kabla hajazaa, vijae, mpelekee Theonest, mimi naja kusoma mwenyewe.

Nikaingia. Limi yuko kwenye mkeka, ameng'ata khanga. Alipoona sinia akaachia khanga, akanyoosha mkono. Kati ya uchungu na uchungu! Uchungu unamwachia, ananyoosha mkono anipe.

Nikamwambia rudisha, mayu. Nipe kidole.

Tone moja, la pili, la tatu, kwenye kigae cha Theonest cha kupimia. Nikamfuta. Nikatoka. Jilala alikuwa nje amekalia fimbo yake, mkono wa shati umeshakunjwa tangu jana, sidhani kama ameukunjua. Nikamchoma kidole na yeye. Akaniuliza, hiyo tu? Nikamwambia hiyo tu kwanza. Akaonekana kama mtu aliyedhulumiwa.

Theonest alipokea vigae viwili, akatazama mikono yangu, akangoja. Nikasema hakuna kingine. Alijua. Alitazama mlango wa Daktari, kule ng'ambo ya uwanja, kisha akafunga wa kwake kwa ndani.

Hajasema kitu bado. Namsikia anapiga kigae na kucha, taratibu, anazichanganya. Jilala amesimama mbele yangu hataki kukaa. Kutoka chumba cha mwisho namsikia Limi, au ni mkunga. Sasa kimya. Sasa tena.

Mlango wa ng'ambo umefunguliwa. Ni Daktari, anakuja, anakata uwanja upesi na ile aproni. Anauliza tangu mbali vichupa viko wapi.

Vyote vinne viko mfukoni mwangu, tupu.